Nafasi Yenye Shaka: Kuwaainisha Mbawakawa wa Ardhini wa Pwani Yetu

Mhadhara uliotolewa Likoni, Mombasa, mbele ya walimu, wanafunzi na wakazi

Nawashukuru mliovuka kivuko kutoka kisiwani jioni hii, na mliotoka Mtopanga, Mshomoroni, Miritini na Chaani, mkaja kusikiliza habari za mdudu ambaye wengi wetu humfagia uani asubuhi bila kumtazama mara mbili.

Nimekuja kuzungumzia mbawakawa wa ardhini, na hasa wale ambao wataalamu hawajakubaliana ni wa ukoo gani. Mbele ya majina yao vitabu huandika maneno mawili ya Kilatini, incertae sedis, kumaanisha kwamba nafasi yao haijathibitika. Hoja yangu ni moja, nami nitaijenga kwa hatua sita. Kumwacha mdudu katika shaka iliyoandikwa wazi ni kazi ya kisayansi yenye heshima, tena ni afadhali kuliko kumsukuma mahali pasipo pake. Hata hivyo shaka hiyo ni deni, na sehemu ya deni hilo tunadaiwa sisi wakazi wa Likoni, Kisauni na Changamwe, kwa kuwa ushahidi wa kulilipa umelala kwenye ardhi tunayoikanyaga.

Wanafunzi, naona mmeshatoa kalamu. Majina ya Kilatini nitayaandika ubaoni, kwa hiyo msihangaike nayo. Fuateni hoja.

1. Kwanza, tumjue tunayemzungumzia

Mbawakawa wote wana alama moja: mabawa ya mbele yamegeuka kuwa magamba magumu yanayofunika mabawa laini ya kurukia. Spishi zao zilizokwisha kupewa majina zinakaribia 400,000, na hakuna oda nyingine ya wanyama inayofikia idadi hiyo. Ndani ya oda hiyo mna familia ya Carabidae, mbawakawa wa ardhini, yenye spishi zipatazo 40,000. Jenasi Carabus, iliyoipa familia jina lake, iliandikwa na Linnaeus mwaka 1758. Familia yenyewe ilipangwa na Mfaransa Pierre André Latreille mwaka 1802.

Ukitaka kumtambua, mgeuze chali. Vitako vya miguu yake ya nyuma vimerudi nyuma mpaka vikaikata pingili ya kwanza ya tumbo vipande viwili. Kisha tazama mguu wa mbele: upande wa ndani wa muundi wake pana pengo dogo lenye nywele, na hapo ndipo anapopitishia kipapasio chake kukisafisha. Vipapasio ni vyembamba kama uzi, vina pingili kumi na moja. Wengi wao ni weusi au wa rangi ya kahawia, hukimbia kwa kasi, na hutoka usiku.

Kazi yao hatuioni kwa sababu hufanyika gizani. Wengi ni wawindaji, wakubwa na mabuu yao vilevile. Hula viwavi, mabuu ya nzi na konokono. Mbawakawa wa jenasi Calosoma wanajulikana duniani kote kwa kuwala viwavi, na viwavijeshi wamo. Wakulima wetu wa mahindi wanakumbuka mwaka 2017, aina mpya ya kiwavijeshi kutoka Amerika ilipoingia Kenya na kutafuna mahindi mpaka kwenye moyo wa mmea. Lakini ndani ya familia hiyohiyo ya mbawakawa wa ardhini, katika kundi la Harpalini, wamo wengi wanaokula mbegu. Wawili wanaweza kufanana machoni pa mkulima, mmoja akawa mlinzi wa shamba na mwenzake akawa mlaji wa mbegu alizozipanda.

Hii ndiyo sababu uainishaji ni kazi ya manufaa. Ukimjua mdudu ni wa ukoo gani, unaweza kukisia anakula nini, anazaa wapi na sumu gani itamdhuru, hata kabla ya kumchunguza mwenyewe. Ukikosea ukoo, makisio yote yanakosea pamoja.

2. Pili, shaka nyingi zilianzia kwenye lebo

Twende nyuma kidogo. Kati ya mwaka 1861 na 1865 Mjerumani Karl Klaus von der Decken alisafiri katika nchi zetu, kutoka Unguja na Mombasa hadi Kilimanjaro, mpaka akauawa Bardera kwenye mto Juba. Wadudu waliokusanywa katika safari zake walipelekwa Berlin. Huko mtaalamu Adolf Gerstaecker aliwaeleza mmoja mmoja, na mwaka 1873 akachapisha kitabu kikubwa kuhusu wadudu na jamaa zao wa Afrika Mashariki. Kazi yake ilikuwa ya uangalifu mkubwa, na hadi leo mtu hawezi kuwasoma wadudu wa pwani hii bila kurudi kwake.

Lakini tazameni jinsi mahali palivyoandikwa kwenye lebo. Wadudu kadhaa wamewekewa neno moja tu: Mombas. Sisi tuliokaa hapa tunajua neno hilo linaweza kuficha nini. Ni kisiwani kwenye mawe ya matumbawe? Ni Likoni, kwenye mchanga na minazi? Ni Changamwe, kwenye udongo mwekundu wa mlimani? Ni kando ya mkono wa bahari wa Tudor, kwenye tope la mikoko? Kwa mdudu ambaye maisha yake yote hayatoki nje ya eneo dogo, hizo ni nchi tofauti. Mtu anayetaka kumpata tena yule aliyeelezwa zaidi ya miaka mia moja na hamsini iliyopita hajui aanzie wapi.

Hapo tunapata chanzo cha kwanza cha shaka: ushahidi mchache. Spishi nyingi zimeelezwa kwa kielelezo kimoja au viwili. Kielelezo hicho kikiwa ni jike, na viungo vya uzazi vya dume ndivyo vinavyotenganisha spishi za jenasi yake, mtaalamu hana la kufanya. Kikikosa mguu au kipapasio, ndivyo hivyo. Dunia nzima ina mifano. Mbawakawa aitwaye Nototylus fryi, aliyeelezwa kutoka Brazil mwaka 1863, alijulikana kwa muda mrefu kwa kielelezo kimoja tu, na nafasi yake katika familia imekuwa fumbo tangu siku hiyo.

Baada ya Wajerumani walikuja Wafaransa. Mwaka 1911 na 1912 Charles Alluaud na René Jeannel walipita Afrika Mashariki. Walikusanya milimani, na hapa pwani wakaingia kwenye mapango ya Shimoni. Jeannel baadaye akawa mmoja wa wanasayansi waliowajua sana mbawakawa wa ardhini. Alipoandika kuhusu mbawakawa wa Ufaransa, mwaka 1941 na 1942, aliigawanya familia hii moja kuwa familia nyingi. Wengine waliomfuata wakazirudisha zote ndani ya nyumba moja. Wadudu walikuwa walewale. Kilichobadilika ni jinsi wasomi walivyopima uzito wa tofauti walizoziona.

3. Tatu, namna ya kuishi huweza kuuficha ukoo

Chanzo cha pili cha shaka kimo katika mwili wa mdudu mwenyewe. Maisha huuchonga mwili, na maisha ya ajabu huuchonga mpaka alama za ukoo zikafutika.

Mfano wa kwanza ni Paussus na jamaa zake. Hawa huishi ndani ya viota vya sisimizi, na katika Afrika wengi wao wamo kwenye viota vya sisimizi wa jenasi Pheidole, ambao tunawaona kila siku jikoni na uani. Vipapasio vyao vimevimba vikawa kama rungu au jani nene, na vina tezi zinazotoa ute ambao sisimizi huulamba. Mgeni huyu huachiwa atembee humo ndani, naye hula mayai na mabuu ya wenyeji wake. Wasomi wa mwanzo walipomwona walimpa familia yake peke yake, Paussidae, na ni rahisi kuelewa kwa nini: hafanani na mbawakawa mwingine yeyote. Uchunguzi wa miguu yake, mabuu yake na tezi zake za kujihami ndio uliomrudisha kwa mbawakawa wa ardhini, na leo anahesabiwa kuwa nusufamilia, Paussinae.

Mfano wa pili ni Rhysodidae, wembamba, wenye mifereji mirefu mgongoni, wanaoishi ndani ya magogo yaliyooza na kula ukungu-ute. Vinywa vyao vimebadilika sana kwa ajili ya chakula hicho. Wapo wanaowaweka kuwa familia ya peke yake, na wapo wanaowaona kuwa ni mbawakawa wa ardhini waliohamia kwenye magogo. Mjadala huo haujafungwa.

Mfano wa tatu mnaweza kuuona wenyewe. Nendeni kwenye tope na mchanga wa kingo za mikono yetu ya bahari, maji yakitoka, jua likiwa kali. Mtaona mdudu mwenye macho makubwa na miguu mirefu akikimbia, akisimama ghafla, akikimbia tena, na ukimkaribia huruka hatua chache mbele yako. Huyo ni mbawakawa-chui. Mmoja wao, Myriochila melancholica, ameenea sana Afrika. Mabuu yao huchimba shimo lililonyooka kwenda chini, hujishikiza ndani kwa kulabu zilizo mgongoni, na huziba mlango kwa kichwa yakingoja windo lipite. Kwa miongo mingi vitabu vingi viliwaweka ndani ya Carabidae kama nusufamilia. Mwaka 2020 Daniel Duran na Harlan Gough wa Marekani walichapisha uchambuzi unaotumia vinasaba, wakaonyesha kwamba mbawakawa-chui wanastahili familia yao wenyewe, Cicindelidae, sambamba na Carabidae. Kwa hiyo kitabu ulichosomea shuleni na makala ya juzi vinaweza kutofautiana kuhusu mdudu huyohuyo. Mwalimu asione haya kuwaambia wanafunzi wake hivyo. Awaonyeshe ushahidi wa kila upande.

4. Nne, mashahidi hawasemi kwa sauti moja

Sasa tunafika kwenye kiini. Mtaalamu anayetafuta ukoo wa mbawakawa ana mashahidi wa aina nne. Kwanza ni mwili: idadi na mahali pa nywele juu ya jicho, mifereji ya mgongo, umbo la muundi, na viungo vya uzazi vya dume vilivyofunguliwa chini ya darubini. Pili ni buu, ambaye mara nyingi huhifadhi alama ambazo mkubwa amezipoteza. Tatu ni kemikali za tezi zilizo mwishoni mwa tumbo. Nne ni vinasaba. Mashahidi hao wakikubaliana, kazi ni nyepesi. Wasipokubaliana, ndipo shaka huzaliwa.

Chukueni mbawakawa wa mzinga, wale wanaofyatua maji ya moto. Ndani ya tumbo wana chumba cha kuhifadhia haidrokwinoni na peroksidi ya haidrojeni, na chumba cha pili chenye vimeng'enya. Vikikutana, mchanganyiko huchemka na kulipuka nje ukiwa na joto la nyuzi 100 za Selsiasi, kipimo kilichochapishwa mwaka 1969. Mwaka 1990 watafiti walionyesha kwamba mlipuko huo ni mfululizo wa mapigo mafupi, yapatayo 500 kwa sekunde. Mdudu waliyempima ni Stenaptinus insignis, na mwaka 1999 Thomas Eisner na Daniel Aneshansley wakachapisha picha za mbawakawa wa spishi hiyohiyo, waliotoka Kenya, wakielekeza ncha ya tumbo na kulenga kila mguu uliominywa.

Kuna makundi mawili ya mbawakawa wa ardhini yenye silaha hii: Brachininae, ambako yumo huyu wa Kenya, na Paussinae, ambako wamo wale wa viota vya sisimizi. Je, waliirithi kwa babu mmoja, au kila upande uliibuni peke yake? Kemia inafanana, na hilo linavuta kwenye babu mmoja. Lakini namna ya kulenga ni tofauti. Brachininae hugeuza ncha ya tumbo, na Paussinae hupitisha mvuke kwenye kingo zilizopinda pembeni mwa mabawa. Wasomi wakubwa wamegawanyika, na kila jibu linabadilisha mti mzima wa familia. Na tusisahau: hata huyo Stenaptinus insignis aliyewafundisha watafiti habari za mapigo, wako wanaomwandika katika jenasi kamili ya Stenaptinus, na wako wanaoihesabu Stenaptinus kuwa ni nusujenasi tu ndani ya Pheropsophus.

Mfano wa pili ni kundi dogo la Melaenini, lenye jenasi mbili, Melaenus na Cymbionotum, zinazopatikana hasa Afrika na Asia. Alama zao zinavutana: nyingine zinawapeleka huku na nyingine kule, hivyo wamehamishwa mara nyingi kutoka tawi moja la familia hadi jingine. Mwaka 2005 George Ball na Danny Shpeley wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walichapisha mapitio ya kundi hilo. Walieleza spishi zake na maeneo yake, na wakajadili kwa upana ugumu wa kuliweka mahali pake. Huo ndio mwenendo ninaoutetea leo. Kinachojulikana kiandikwe kikamilifu, na kisichojulikana kipewe mipaka yake.

Najua mtu ataniuliza: vinasaba si vimemaliza ubishi? Mwaka 2003 Paul Hebert wa Kanada alipendekeza kipande kimoja kifupi cha DNA, chenye herufi zipatazo 650, kitumike kutambulisha spishi za wanyama. Njia hiyo imetusaidia sana. Inaweza kulioanisha buu na mkubwa wake, au jike na dume wake, hata kama hawafanani. Lakini kipande kifupi hakiwezi kusimulia matukio ya kale sana. Nusufamilia ya Harpalinae, iliyobeba karibu nusu ya mbawakawa wote wa ardhini, inaonekana ilichanua matawi mengi kwa muda mfupi zama za dinosaria. Matawi yakichipuka karibu-karibu, alama chache hubaki kati ya tawi na tawi, kwenye mwili na kwenye vinasaba pia. Vinasaba vingi zaidi vinatusogeza mbele, lakini havitoki hewani. Hutolewa kwenye mdudu aliyekusanywa vizuri, kutoka mahali panapojulikana. Tumerudi kwenye lebo.

5. Tano, sheria za majina hazimpi mdudu nafasi

Wengi hudhani kuna baraza mahali fulani linaloamua mdudu huyu ni wa familia gani. Kuna Tume ya Kimataifa ya Majina ya Wanyama, iliyoanzishwa mwaka 1895, na kanuni zake zinazotumika sasa ni za toleo la nne, lililochapishwa mwaka 1999 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2000. Kanuni hizo zinaamua jina lipi ni halali: lililotangulia hushinda, na kila jina hufungwa kwenye kielelezo maalumu kilichohifadhiwa. Ukitaka kujua jina fulani linamhusu mdudu gani, unarudi kwenye kielelezo hicho.

Hapa Likoni na kule Kisauni tunajua adha ya kiwanja kimoja chenye hati mbili, kila mwenye hati akidai ni chake. Spishi moja ikielezwa mara mbili na watu wasiojuana hupatwa na hali hiyohiyo: majina mawili, mdudu mmoja. Kanuni hutatua mgogoro huo kwa kutazama tarehe. Lakini ukoo wa mdudu hautatuliwi kwa tarehe, wala kwa kura, wala kwa cheo cha msomi. Hutatuliwa kwa ushahidi, na uamuzi hubaki wazi kupingwa.

Tazameni mbawakawa mkubwa mweusi mwenye madoa meupe, anayetembea kwenye nchi kavu ya bara yetu. Gerstaecker alimwita Anthia hexasticta mwaka 1866. Ukimshika atakurushia maji makali yenye asidi ya fomiki, na yakikuingia machoni utajuta. Baadhi ya wataalamu humwacha ndani ya Anthia, na wengine humweka katika jenasi ya Thermophilum, ambako kanuni za sarufi ya Kilatini humgeuza kuwa hexastictum. Majina yote mawili yanafuata kanuni. Swali la kama Thermophilum ni jenasi kamili au ni tawi la Anthia haliko kwenye kanuni. Liko kwenye miili ya wadudu wenyewe. Mwanafunzi anayetafuta habari zake kwa jina moja tu atapata nusu ya maarifa.

Kwa sababu hiyo kumlazimisha mdudu mahali kuna madhara zaidi kuliko kumwacha na shaka. Nafasi ya uongo huonekana kuwa imekamilika, kwa hiyo hakuna anayeichunguza tena. Huingia kwenye orodha, orodha huingia kwenye ramani, na ramani hutumiwa kuamua msitu upi ulindwe na sumu ipi imwagwe. Shaka iliyoandikwa wazi huwaita watafiti. Kosa lililovaa vazi la uhakika huwafukuza.

6. Sita, kazi iko kwetu

Sasa niseme tufanye nini, maana elimu isiyotufikisha kwenye kazi ni nusu ya elimu.

Pande zetu za bara zina mazingira ya kila namna ndani ya mwendo wa asubuhi moja. Kuna mikoko ya Tudor, Port Reitz na Mtwapa. Kuna mashamba ya Mwakirunge, na vilima vya Changamwe vilivyojaa viwanda na nyumba. Kuna Bamburi, ambako tangu mwaka 1971 René Haller alipanda mivinje kwenye machimbo makavu ya saruji. Alileta majongoo wasage majani yaliyoanguka, na udongo mpya ukaanza kujengeka juu ya mwamba mtupu. Kwa msomaji wa wadudu wa ardhini, mahali pale pana swali zuri sana: udongo ukizaliwa upya, ni mbawakawa gani wanafika kwanza, na wanatoka wapi? Nyuma yetu, Kwale na Kilifi, iko misitu ya kaya za Mijikenda, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2008. Misitu hiyo imebaki kwa sababu wazee waliilinda kwa miiko. Humo mtu haingii na mitego bila idhini ya wazee wa kaya, na wakikataa, basi.

Njia za kukusanya ni rahisi. Kikombe cha plastiki huzikwa mpaka mdomo wake uwe sawa na uso wa ardhi, na mdudu wa usiku huanguka humo. Majani yaliyooza hupepetwa kwa chekeche juu ya shuka jeupe. Kingo za madimbwi humwagiwa maji, na waliojificha kwenye nyufa hutoka wenyewe. Taa na shuka huwavuta wanaoruka. Kila anayehitajika kwa uchunguzi wa vinasaba atiwe kwenye alkoholi ya asilimia 95 au zaidi, kisha awekewe lebo: mtaa na eneo kamili, vipimo vya latitudo na longitudo, tarehe, aina ya udongo na mimea, njia ya kumkamata na jina la aliyemkamata. Walimu, nawasihi: msimpe mtoto maksi kwa uzuri wa mdudu aliyemleta, mpeni kwa ubora wa lebo.

Tufuate sheria pia. Utafiti unahitaji kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, na idhini ya wenye eneo. Mkataba wa dunia kuhusu bioanuwai ulipitishwa Nairobi, tarehe 22 Mei 1992, na Itifaki ya Nagoya, iliyoanza kutumika Oktoba 2014, inataka nchi yenye viumbe inufaike na elimu inayotokana nao. Haki hiyo haina nguvu kama sisi wenyewe hatujui tuna nini. Vielelezo viwekwe Makumbusho ya Taifa ya Kenya, Nairobi, ambako makusanyo ya wadudu yanatunzwa na kila mtafiti anaweza kuyafikia.

Wala tusiseme kazi hii ni ya wageni. Mwaka 1970 Thomas Odhiambo, Mkenya, alianzisha icipe, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, kwa imani kwamba Afrika inaweza kuwa na maabara ya kiwango cha juu kwenye ardhi yake na kuwafundisha vijana wake humo. Kituo hicho kipo, kina wataalamu wa uainishaji, na kimefanya kazi hata Muhaka, Kwale, mwendo mfupi kutoka hapa tulipo. Njia imeshafunguliwa. Inahitaji wapitaji.

Pendekezo langu la mwisho ni la vitendo. Shule na vyuo vya pande hizi zianze orodha moja ya pamoja ya mbawakawa wa ardhini wa Likoni, Kisauni na Changamwe. Iwe na safu tatu: wenye jina na ukoo uliothibitika, wenye jina lenye mgogoro, na wasiojulikana nafasi yao. Hakuna atakayeingia kwenye orodha bila kielelezo kilichohifadhiwa na lebo kamili. Safu ya tatu itakuwa ndefu mwanzoni, nasi tusiionee haya. Hiyo ndiyo itakayowapa kazi wanafunzi waliokaa nyuma hapo, watakapofika vyuo vikuu na kutafuta swali la kutafiti. Makumbusho ya Ulaya yanazidi kuweka picha za vielelezo vya zamani kwenye mtandao, na vijana wetu wataweza kuvilinganisha na wadudu waliowakamata wenyewe. Baadhi ya wale walioandikiwa neno moja tu, Mombas, watapata mtaa wao. Wengine watapata ukoo wao. Na pengine watatokea ambao hakuna aliyewahi kuwaeleza, na maelezo yao ya kwanza yataandikwa na mtu aliyezaliwa Mtongwe au Jomvu.

Msimu wa mvua za vuli uko mbele yetu, na wadudu hutoka kwa wingi ardhi ikilowa. Walimu walio tayari kuanza na madarasa yao tubaki pamoja baada ya kikao hiki, tugawane maeneo na tukubaliane namna ya kuandika lebo.